Nyota Juu ya Nyumba ya Tshibangu

Tarehe 19 Februari mwaka huu nilimpoteza mume wangu, Kazadi. Alikufa asubuhi kitandani kwake, hapa Manika, mimi nikiwa jikoni napasha maji ya kumwogesha. Kilio kilifanyika uani kwetu chini ya shitingi, turubai la kuazima, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Jioni ya pili mzee mmoja wa kanisa letu alisimama kumsifu marehemu. Alisema Kazadi alikuwa dereva hodari wa malori ya mgodini enzi za Zaire, kwamba aliendesha mchana na usiku bila kuchoka, na kwamba macho yake yaliharibiwa baadaye na moshi na vumbi la makala, yaani makaa aliyouza sokoni. Watu wakaitikia, "Kweli." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, miguu imekufa ganzi, nikanyamaza. Mjane hainuki katikati ya kilio kusahihisha hotuba. Lakini maneno yale hayakuniacha nikae. Nilitoka chini ya shitingi kama mtu anayekwenda chooni, na pale nyuma ya ukuta, mvua ikiwa imetoka kukatika, nikaiona nyota moja nyeupe, kali, mahali mawingu yalipokuwa yameachana. Mjukuu wangu anayesoma aliwahi kuniambia kwamba inaitwa Sirius, na kwamba hakuna nyota inayoipita kwa kung'aa. Sisi hatukuwa na jina lake. Kwangu ni nyota ya mwaka 1973, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Na makala hayana kosa.

Tangu siku ile situlii. Naanza kuchambua maharage, naacha. Nakwenda mlangoni kama niliyeitwa, narudi. Binti yangu ananiambia, "Mama, ikala kidogo," nami nakaa, kisha najikuta tena nimesimama na ufagio mkononi. Ndiyo maana naandika. Shule yangu ilikuwa ndogo, lakini kuandika najua, na mkono ukiwa na kazi mwili unatulia kidogo. Habari za ukoo na mahari naziacha. Naanzia mlangoni mwa nyumba.

Nyumba ile ilikuwa kampini Musonoi, karibu na shimo la mgodi: vyumba viwili, na jiko la peke yake nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili, na rafu ya mbao ambayo Kazadi aliipigilia mwenyewe. Baruti zilipolipuliwa shimoni mchana, sahani zilisogea kwenye rafu ile, na kama sikuwahi kuzirudisha nyuma, mwisho wa juma zilikuwa ukingoni. Vumbi jekundu lilishuka juu ya kila kitu. Nilijifunza kufunika bukari, ugali wetu, kabla ya king'ora, maana baada ya king'ora ulikuwa umechelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona nimepata ikulu. Lakini haikuwa yetu. Ilikuwa nyumba ya kazi, na unga wa posho ulikuwa unga wa kazi, na kila mwanamke wa kampi alijua kwamba siku mume anatolewa kazini, bibi anatolewa nyumbani. Jambo hilo halikusemwa sana. Lilisikika katika namna wanawake walivyouliza kila asubuhi, "Bwana ameenda ku kazi?" hata kama walimwona kwa macho yao akienda.

Kazadi aliendesha lori la kubeba mawe, lile tuliloliita bene, ambalo gurudumu lake lilimpita mtu kwa urefu. Alipakiwa mawe shimoni, akapanda nayo hadi juu ya lundo la mawe yasiyo na shaba, akageuza, akarudi kinyumenyume mpaka ukingoni, akayamwaga chini. Pale ukingoni alisimama mtu kwa miguu yake kuwaongoza madereva, mchana kwa kibendera na giza likiingia kwa taa: njoo, njoo, simama. Katika zamu ya Kazadi mtu huyo alikuwa Tshibangu, na Tshibangu alikuwa jirani yetu, nyumba ya upande wa mashariki, ukuta wake ukitazama jiko letu. Mke wake, Mama Ngalula, alikuwa na watoto wanne na sauti ya kuita mtu kutoka barabarani. Yeye ndiye aliyenipokea. Alinipa chumvi siku ya kwanza, akaniazima kinu chake, akasimama juu yangu nikitwanga sombe na kunicheka. "Unatwanga kama unaombea wagonjwa," aliniambia. "Piga, mutoto! Haya majani hayana mama!"

Jioni moja ya Januari, mvua ilipokatika, tulikaa nyuma ya nyumba mimi na Kazadi. Alikuwa zamu ya asubuhi juma lile. Tulikuwa tumekula mapema, kama alivyotaka sikuzote, kabla jua halijaingia. Nikainua macho.

"Kazadi, ona ile nyota!"

"Wapi?"

"Pale, yulu ya nyumba ya Tshibangu. Inawaka peke yake."

Aligeuza uso upande ule. "Aa, naiona," akasema. "Iko muzuri."

"Nyeupe kama nini?"

"Kama meno yako."

Nilicheka mpaka Mama Ngalula akauliza kwa juu ya ukuta tunakula nini huko. Tangu siku hiyo, kila jioni Kazadi alipokuwa nyumbani, aliinua kidevu kuelekea paa la jirani na kuniambia, "Nyota yako imesha kutoka. Yulu ya nyumba ya Tshibangu." Nilikuwa bibi-arusi. Sikuhitaji zawadi nyingine.

Sasa nikikumbuka jioni zile naona mambo ambayo wakati ule niliyapa majina mengine. Jua likizama, Kazadi hakuweza kutulia. Alizunguka chumba akigusa ukuta kwa migongo ya vidole, polepole, kama anayekagua rangi. Kama nimesogeza kiti, alikigonga, na akigonga alikasirika kuliko kiti kinavyostahili. Mara moja alikanyaga sufuria ya sombe niliyoiweka mlangoni, mboga yote ikamwagika, akanifokea, "Ju ya nini unahamisha bintu?" nami nikaomba msamaha. Aliita, "Ntumba, uko wapi?" nikiwa mbele yake, hatua mbili tu, nimeshika kibatari ambacho sijakiwasha. Nilidhani ni mapenzi. Zamu ya usiku alibadilishana na wengine kila alipoweza, akisema anapenda kulala na mke wake, na wenzake walimtania kwa hilo. Zamu ya mchana mpaka usiku hakuweza kuikwepa. Siku za zamu hiyo alirudi nyumbani akitembea nyuma ya Tshibangu, hatua yake juu ya hatua ya mwenzake, na walivyokuwa wanacheka njiani ungesema ni walevi wawili.

Februari ilikuwa mvua tupu. Machi, jioni moja, anga ikafunguka. Tulikaa mahali petu na Kazadi akainua kidevu. "Nyota yako ile, yulu ya nyumba ya Tshibangu." Nikatazama juu ya paa la Tshibangu, hapakuwa na kitu. Nilitafuta, mpaka nikalaza shingo nyuma kabisa: nyota ilikuwa utosini kwetu, juu juu. Nikadhani ananitania. "Unaiona wapi?" nikamwuliza. "Pale pale," akasema, na macho yake yalikuwa kwenye paa. Jioni iliyofuata mawingu yalifunika kila kitu kama mfuniko wa chungu, hata mwezi ungeshindwa kupita. Sikuwa nimemtegea mtego, nilikuwa tu nimenyamaza. Kazadi akageuka upande wa jirani na kusema kwa sauti ya furaha, "Leo inawaka sana, ee?" Nikajibu, "Ee."

Siku iliyofuata asubuhi nilikuwa robine, kwenye foleni ya maji. Mama Ngalula alikuwa mbele yangu akiwasimulia wenzake, na alisimulia kwa mwili mzima.

"Wiki hii bwana yangu ameruka kama chura! Jua limesha kuingia. Kazadi anarudisha bene, Tshibangu anafanya taa: simama, simama! Ye anakuya tu. Anakuya tu! Tshibangu anajitupa mu matope. Kazadi anashuka, anasema nini? 'Nilikuwa nakuchezea, ndugu.'"

"Hana usingizi huyu," mwanamke mmoja akasema. "Ntumba, muache bwana alale kidogo!"

Wakacheka wote, na ndoo zikagongana. Mama Ngalula naye alicheka, kisha akanigeukia. "We, mwambie. Siku akimuua, nitakuya kukaa kwako na batoto bangu bote bane. Utatulisha." Alisema kwa kucheka, lakini alinitazama muda mrefu kuliko mzaha unavyotaka. Nilijaza ndoo yangu, nikaondoka, na nilipofika nyumbani nusu ya maji yalikuwa kwenye nguo yangu.

Juma lile Kazadi alikuwa zamu ya mchana mpaka usiku; zile jioni mbili nyumbani zilikuwa siku zake za kupumzika. Nilimpa chakula kabla hajatoka, bukari na mboga ya lengalenga. Jua lilikuwa kali mlangoni. Nikakaa mbele yake, jambo ambalo sikulifanya kwa kawaida akiwa anakula.

"Nyota iko wapi?"

"Nyota gani mu jua hii?"

"Ile ya mangaribi. Iko wapi?"

"Yulu ya nyumba ya Tshibangu. Nakuambia kila siku."

"Haiko pale, Kazadi. Iko yulu ya kichwa yetu sasa. Na jana haikuwa ata moja, ilikuwa mawingu."

Tonge lilibaki mkononi mwake. Nilitegemea atakasirika. Hakukasirika. Aliuliza kama mtoto, "Inahama?"

"Inahama."

"Nyota inahama?"

Kazadi alizaliwa kampini, chini ya taa za nguzo. Aliwasikia watu maisha yake yote wakitaja nyota, naye akaamini kwamba nyota ni kama taa ya kiwandani, inawashwa kila jioni mahali pake. Nilipomwonyesha yangu, aliikariri kama alivyokariri mlango, kiti na kona ya jiko. Hakuwahi kuiona. Aliniambia siku ile, tonge likikauka mkononi, kwamba tangu utoto wake jua likizama dunia inamfungia. Mchana aliona vizuri kuliko mimi. Daktari wa kazi alimpima saa nne asubuhi kwa herufi za ukutani, naye akazisoma zote mpaka zile ndogo za chini.

"Taa naiona," akasema. "Muntu mwenye anaishika, simuoni."

"Na pa lundo unafanya nini?"

"Njia naijua. Nageuza, narudi, najua pa kusimama."

"Ukingo unakala pale pale?"

Alijua kuliko mimi kwamba ukingo wa lundo unasogea kwa kila lori linalomwaga. Mahali alipojua pa kusimama palikuwa pa juma lililopita, na sasa pale alisimama Tshibangu.

"Wakijua, nyumba inaenda," akasema. "Posho inaenda. Tutalala wapi, Ntumba?"

"Na Ngalula atalala na nani?"

Alisukuma sahani. Nikamwambia kwamba asipomwambia Tshibangu leo, kesho mimi nitamwambia Ngalula robine, mbele ya wote. Akasema atanirudisha kwa baba yangu. "Unirudishe," nikamwambia, "lakini nitapita kwanza pa robine." Alichukua kofia yake ya kazi akatoka bila kufunga mlango, na nilimwona akimwita Tshibangu kwa mzaha wake wa kila siku, kwa ile "raia" ya kiserikali ya enzi zile, "Citoyen Tshibangu, unachelewesha taifa!" wakaondoka pamoja, Tshibangu mbele, yeye nyuma.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilifagia nyumba safi. Nilishusha sahani zote kwenye rafu, nikaziosha, nikazipandisha. Baruti zikalia, sikuwa nimefunika kitu. Watoto wa Ngalula walicheza uani wakiigiza malori, mmoja akirudi kinyumenyume na mwingine akipiga makofi, njoo, njoo, nikaingia ndani nisiwaone. Kivuli cha jiko kilipofika ukutani kwa Tshibangu nikaelewa kwamba kesho ni mbali mno. Nilijifunga kitenge nikashika barabara ya mgodi, nikitembea, kisha nikikimbia, wanaume wanaorudi wakinipisha kama mtu mwenye msiba.

Mlinzi wa lango alinizuia. "Citoyenne, hapa si soko."

"Namutafuta bwana yangu."

"Bote banatafuta bwana. Rudia nyumbani, atakuya."

"Akisha kuua muntu, atakuya?"

Alinitazama vizuri. Akaanza kuniuliza jina, na kabla sijajibu nikawaona. Walikuwa wanakuja kutoka ndani, mwanga ukiwa umebaki kidogo sana. Tshibangu alikuwa mbele na taa yake, na Kazadi nyuma ameshika mshipi wa suruali ya Tshibangu, waziwazi, bila kucheka. Nilikaa chini pale pale kwenye changarawe.

Tshibangu ndiye aliyenisimulia njiani. Kazadi alipanda na mzigo wake mara kadhaa mchana bila neno. Jua lilipogusa miti alifika mdomoni mwa lundo, akasimamisha bene katikati ya njia, akazima. Nyuma yake malori mengine yakapanga mstari na kupiga honi. Mkubwa wa zamu alikuja anatukana kutoka mbali. Tshibangu naye alipanda ngazi mpaka mlangoni, akauliza kama lori limeharibika, "Ni pane?" Kazadi akasema, "Haiko pane. Sioni." Tshibangu akacheka, akamwambia aache mchezo, mkubwa anakuja. "Tshibangu," Kazadi akasema, "sikuonaka ata siku moja." Hapo Tshibangu akashuka ngazi moja, akashika chuma, akazikumbuka zile jioni zote.

Ngalula alikuja kwangu usiku uleule, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha.

"Ulijua tangu lini?"

"Nilishuku jana. Nimejua leo pa robine, ulipokuwa unasema."

"Na ulibeba maji ukaenda."

"Nilienda kumuuliza mwenyewe."

"Bwana yangu alikuwa kule saa ile, Ntumba. Kule!" Alitazama chumba changu kisafi, rafu na sahani zake, kisha akaenda jikoni akachukua kinu chake. Alikibeba mwenyewe kifuani, mtoto mgongoni, na sikuthubutu kumsaidia. Nimelifikiria jibu langu miaka mingi. Bado sina jingine, na yeye pia alikuwa na haki.

Kazini hawakumfukuza kabisa. Walimpa kazi ya mchana ya kuosha malori, kwa daraja la chini, na daraja lile halikuwa na nyumba. Tulipewa muda wa kutafuta mahali. Wiki zile Kazadi alikuwa kama mnyama aliyehamishiwa zizi jipya. Aliinuka, aliketi, alitoka mpaka barabarani, alirudi. Watu walikuja kumpa pole na kumchungulia macho. Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba anaogopa kazi. Siku moja aliniambia, "Ungenyamaza tu," na siku iliyofuata akaniambia, "Nilikuwa siwezi kulala tangu nilipoanza bene. Wewe ulikuwa unasinzia, hukujua." Hakuunganisha maneno hayo mawili, nami sikuyaunganisha. Jioni hakutaja tena nyota. Mimi nilikuwa naiona ikishuka upande wa magharibi, lakini sikumwonyesha.

Tulihama mwanzo wa kiangazi. Tulikuwa tumepata chumba kimoja Manika. Mwenye mkokoteni aliahidi kuja mchana, akaja jua limelala, akisema gurudumu limemsumbua. Tshibangu alisaidia kupakia: meza, viti, godoro, sufuria. Rafu tuliiacha ukutani. Ngalula alisimama mlangoni pake. Hakuinua mkono, lakini hakuingia ndani mpaka tulipokunja kona.

Mwenye mkokoteni alikuwa na haraka na akatutangulia. Tulipotoka kampini mwanga ulikuwa unakwisha, na barabara ya Kolwezi ilikuwa imejaa wanaume, wanaoshuka zamu na wanaokwenda. Nilipunguza mwendo. Kazadi alijikwaa mara moja, mara ya pili. Kisha nikasikia mkono wake begani kwangu, mzito, na akaniacha nitangulie. Hakuwahi kufanya hivyo hata ndani ya nyumba yetu. Kundi la madereva, mashofa aliofanya nao kazi, lilikuwa linakuja mbele yetu na mmoja akamtambua.

"Ee Kazadi! Leo bibi njo shofa, ye njo anakuendesha?"

Wenzake wakacheka. Nilihisi vidole vyake vikikaza begani, nikangoja aviondoe.

"Njo shofa," Kazadi akasema. "Leo mi niko mawe tu, ye anabeba."

Wakacheka tena, kicheko kingine, wakatupisha. Mkono ulibaki pale pale, tukaendelea kutembea mpaka Manika.